Anayevuka Chini ya Daraja Si Mjinga

Kauli hii imezoeleka mno kati ya Githurai na Thika, hata watu huitamka bila kuifikiria: watu wetu hawana nidhamu. Mtu akigongwa na gari hatua chache kutoka darajani, kauli ni hiyo. Akina mama mboga wakijaa kandokando ya steji ya Ruiru jioni, ni hiyohiyo. Vijana wakikalia ukuta mfupi mbele ya duka mjini Thika, ni hiyo tena, ikiongezewa tuhuma za uzembe na wizi. Huitoa mhandisi, huitoa mwakilishi wa wadi, huitoa mtangazaji wa redio asubuhi, huitoa dereva aliyekwama kwenye foleni. Hata yule aliyevuka barabara jana kwa mbio, mkoba kifuani, leo ataitoa akiwa ndani ya matatu.

Naipinga, na sisukumwi na huruma peke yake. Naipinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu imegeuka kisingizio cha wale wanaolipwa kupanga miji hii. Wakishasema watu hawana nidhamu, kazi yao imekwisha. Kinachobaki ni uzio, kanjo (askari wa kaunti) na faini. Ninachodai mimi ni hiki: mahali ambapo watu wengi, siku nenda siku rudi, wanautumia mji kinyume na ramani, ramani ndiyo yenye kasoro, na aliyeichora anapaswa kwenda kusimama pale awatazame kabla hajachora kitu kingine.

Tuanze na daraja, maana ndilo linalotajwa kwanza kila mara.

Thika Road ilianza kupanuliwa mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua Novemba 2012. Karibu kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika, njia nane mahali pengine, zaidi ya shilingi bilioni 30, makampuni matatu ya Kichina, mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya serikali ya Uchina. Sibezi faida yake. Watu wanaoishi Juja na kufanya kazi Nairobi wanaijua vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini barabara hiyo haikupita porini. Ilipita katikati ya makao ya watu, nyumba upande huu, shule, kanisa na soko upande ule. Ilipofunguliwa, madaraja kadhaa ya waenda kwa miguu yalikuwa bado hayajakamilika, na watu wakafa wakivuka. Ndipo barabara kuu iliyojengwa ili magari yaende kasi ikawekewa matuta, kwa kuwa suala la mvukaji lilikuwa limeachwa mwisho. Siku hizo sikusikia mtu akisema kwamba wahandisi hawana nidhamu.

Sasa madaraja yapo, na bado kuna wanaovuka chini. Wenye kauli yao hapo huona wameshinda. Haya, tupige hesabu. Daraja linalopitisha lori chini yake lazima liinuke zaidi ya mita 5. Ukitaka mtu wa kiti cha magurudumu aweze kulipanda, mwinamo unaokubalika ni mita 1 ya kwenda juu kwa kila mita 12 za kwenda mbele. Hizo ni zaidi ya mita 60 za kupanda na zaidi ya 60 za kushuka, kabla hujahesabu upana wa barabara yenyewe, wala umbali wa kulifikia daraja pale lilipowekwa. Ukijenga ngazi, njia inakuwa fupi, lakini umemfungia nje mlemavu, mjamzito na mwenye mzigo. Na anayetakiwa kulipa mita hizo zote ni nani? Ni kibarua aliyeshinda kwenye mjengo tangu saa moja asubuhi. Ni mwanamke mwenye furushi la mitumba mgongoni na mtoto mkononi. Analipa ili dereva asipunguze mwendo kwa nusu dakika. Tumewachukua waliochoka kuliko wote tukawapandisha mlima, na waliokaa vitini tukawaachia tambarare.

Nenda ukaangalie mahali popote watu wanapovuka chini. Utakuta njia ya udongo imekanyagwa katikati ya nyasi hadi ikawa ngumu kama sakafu. Chuma cha uzio kimepindwa kiasi cha bega kupita. Penye kizuizi kirefu cha zege, mtu ameegemeza jiwe la kujengea, lile la kuchongwa, liwe kipandio; na upande wa pili kuna jingine la kushukia. Mawe hayo ni mazito. Kuna aliyeyabeba, akavuka nayo, akayapanga. Mtu wa namna hiyo ana subira, ana hesabu, na anawafikiria watakaokuja nyuma yake. Amefanya kazi ambayo ofisi fulani ilipaswa kuifanya, na ameifanya mahali hasa inapohitajika.

Kusema kwamba mvukaji si mjinga hakumaanishi kwamba hafi. Anakufa. Katika takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, waenda kwa miguu huongoza orodha ya wanaouawa barabarani mwaka baada ya mwaka. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi katika wimbo huu wa nidhamu: umeimbwa miaka yote hii na orodha haijabadilika. Mara kwa mara hufanywa msako, watu wakakamatwa kwa kuvuka chini, wakapelekwa kortini na kutozwa faini, na kesho yake lile jiwe bado liko palepale. Dawa iliyonywewa kwa muda mrefu hivyo bila mgonjwa kupata nafuu, daktari mwaminifu angeshaibadilisha.

Wala tusidanganyane kwamba kumlaumu mvukaji ni desturi ya miji yote iliyoendelea. Ni mtazamo uliotengenezwa, na waliouhitaji walikuwa na maslahi yao. Marekani ya miaka ya 1920, magari yalipoanza kuua watoto kwa wingi mitaani, hasira ya umma iliwaelekea madereva. Wafanyabiashara wa magari na vilabu vya wenye magari wakafanya kampeni ya kuigeuza hasira hiyo imwelekee anayetembea. Los Angeles ilipitisha sheria yake dhidi ya wavukaji mwaka 1925, na miji mingine ikaiga. Karne moja baadaye wanaanza kurudi nyuma. Tangu Januari 2023, polisi wa California hawaruhusiwi kumsimamisha mtu kwa kuvuka tu nje ya kivuko ikiwa hakuna hatari ya wazi, na mwaka 2024 jiji la New York likafuta kosa hilo. London mtu huvuka barabara ya kawaida mahali popote anapoona pana usalama, na mji haujaporomoka. Sisi tunashikilia lawama ambayo wenyewe walioianzisha wameanza kuiona aibu.

Nitaambiwa: Thika Road si mtaa wa London, ni barabara kuu. Kweli. Lakini hapo ndipo swali linapozidi kuwa zito. Aliyeamua kwamba kitu kinachopita katikati ya Githurai na Ruiru kiwe barabara ya kasi, aliwahesabu watu wangapi kwanza? Barabara zetu hufanyiwa hesabu ya magari. Kijana huketi kando ya njia na karatasi, akaweka alama: lori, matatu, pikapu, gari dogo. Tafiti za usafiri za Nairobi zimeonyesha kwamba takriban safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu mitupu, mwanzo hadi mwisho. Na hata anayepanda matatu hutembea hadi steji na kutoka steji. Kundi kubwa kuliko yote ndilo lisilo na safu yake kwenye ile karatasi.

Kutazama watu ni kazi, na inaweza kufanywa vizuri. Miaka ya 1970, William H. Whyte alikwenda kwenye viwanja vidogo vilivyo mbele ya majumba marefu ya New York akiwa na kamera na daftari. Baadhi ya viwanja vilijaa na vingine vilikuwa vitupu, na wasanifu walikuwa na nadharia nzito za sababu zake. Jambo alilolikuta ni rahisi sana: watu hukaa palipo na pa kukalia. Mwaka 1975 jiji likabadilisha kanuni zake za ujenzi, likaanza kudai sehemu za kukaa. Hakuwafundisha watu wa New York utamaduni wowote. Aliwatazama, kisha akamwambia mwenye jengo kwamba kosa ni lake.

Kisa cha Copenhagen ni kizuri zaidi kwa hoja yangu. Mwaka 1962 mji huo uliufungia magari mtaa wake mkuu wa maduka, Strøget. Wapinzani walikuwa na jibu tayari: Wadenmaki si Waitaliano, hawana mazoea ya kuzurura nje, na baridi hii atakaa nani? Watu wakajaa. Msanifu Jan Gehl akatumia miaka mingi akiwahesabu, mahali wanaposimama, wanapoketi, kwa muda gani, katika majira yapi, na hesabu zake zikawa msingi wa mitaa mingine kufunguliwa. Nikisikia mtu wa Kiambu, kaunti yenye Thika na Ruiru, akisema kwamba Waafrika hawana utamaduni wa bustani na viwanja, nakumbuka kwamba hata Wadenmaki walisemwa hivyohivyo, na wenzao.

Na kwetu kauli hiyo ni ya ovyo hata zaidi. Lamu, Mombasa Mjini Kale na Unguja, nyumba zilijengwa pamoja na baraza ya mawe nje ya mlango, mgeni na mpita njia wapate pa kukaa. Bustani ya Forodhani huko Unguja ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, wauza urojo na mishikaki walirudishwa wakapangiwa sehemu yao, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiwaleta watu pale kila jioni. Huku bara, Wakikuyu walikuwa na kihaaro, uwanja wa wazi wa ngoma na mikutano. Watu wa Ruiru hawahitaji kufundishwa kukaa pamoja. Wanahitaji pa kukaa.

Tena tujiulize chuki hii dhidi ya mtu aliyeketi mjini ilitoka wapi. Thika na Ruiru zilikuwa miji ya walowezi, katikati ya mashamba ya kahawa na katani. Mwafrika mahali pake palikuwa shambani. Mjini aliingia akitumwa, kipande chake cha utambulisho shingoni. Aliyesimama bila kazi inayoonekana alikuwa mtuhumiwa. Sheria ya Uzururaji ilifutwa Kenya mwaka 1997, lakini kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu, kinachowahusu wanaoitwa wazembe na wakorofi, kilibaki. Mwenye duka anayewafukuza vijana ukutani pake hajui kwamba anatumia macho ya mlowezi, ila ndiyo macho aliyorithishwa.

Mjini Thika nimeona kufukuza huko kunavyofanyika. Kuna ukingo wa saruji mbele ya duka moja, kimo cha goti, kwenye kivuli. Mahali pazuri pa kukaa. Mwenyewe ameumwagia mafuta machafu ya gari, na anaurudishia kila yanapokauka. Pembeni yake ukingo mwingine umepandwa vipande vya chupa. Watu hawajaondoka. Wamesimama hatua moja mbele, kwenye njia ya wapitao, na mmoja wao amekunja katoni akaiweka juu ya mafuta na kuketi. Ni mzee, kofia mapajani, bahasha ya rangi ya kaki mkononi. Nikamuuliza, "Mzee, unangoja mtu?" Akanijibu, "Nangoja saa ya kuona wagonjwa ifike, kijana wangu. Nimetoka Gatanga na gari la alfajiri." Mgonjwa wake alikuwa hospitalini hapo mjini, na muda wa kumwona ulikuwa bado saa mbili na zaidi. Mji mzima wa viwanda, wenye chuo kikuu, wenye mabenki, haukuwa na benchi moja la bure ambalo mzee yule angelikalia bila kununua chai.

Huyo ndiye mzembe wanayemsema. Wengine pale walikuwa mafundi wakisubiri kuitwa kazini, mwanafunzi anayesubiri mwenzake, mama aliyepumzisha mzigo. Wote walikuwa wakingoja kitu. Kungoja ni sehemu kubwa ya maisha ya mtu asiye na gari wala ofisi, na mji usioweka mahali pa kungojea unamfanya kila angojaye aonekane mhalifu.

Nije kwa wachuuzi, ambako hoja ya wapinzani wangu ina nguvu zaidi kuliko kwingine, na sitaikwepa. Mwenye duka analipa kodi ya nyumba na leseni. Mbele ya mlango wake mtu anatandaza gunia na kuuza bidhaa ileile kwa bei ya chini. Njia ya miguu imezibwa. Kipofu na mwenye kiti cha magurudumu hawapiti. Haya ni malalamiko ya haki.

Lakini tazama steji ya Ruiru kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku. Matatu zinashusha watu waliotoka kazini Nairobi. Wana haraka, wana watoto nyumbani, wengine bado wana bodaboda ya kupanda au mwendo wa miguu hadi mtaa wa Kimbo. Mama ameketi kwenye kigoda, kisu kikali, anakata sukuma wiki kwa wembamba usioaminika, macho yake hayako hata kwenye kisu bali kwa mteja anayefuata. Anaifunga kwenye karatasi pamoja na nyanya mbili na kitunguu. Mnunuzi akifika nyumbani saa mbili unusu, ni kubandika sufuria tu. Huduma hiyo inafaa mahali pale na saa ile tu. Mpeleke ghorofa ya pili ya soko jipya na umeiua, hata soko liwe na vigae.

Nairobi ililiona hilo Muthurwa. Soko likafunguliwa mwaka 2008 ili wachuuzi waondoke katikati ya jiji, na haukupita muda wengi walikuwa wamerudi mitaani. Wakaitwa wakaidi. Ukweli ni kwamba walifuata miguu ya wateja, ambayo haikuwa imehamia Muthurwa. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayehama mteja alipo, na wale wenye maduka ya kioo wanalijua hilo, ndiyo maana nao walikodi mahali penye watu.

Ukiangalia kwa makini, utaona pia kwamba wachuuzi wa steji wana mpangilio. Wa sukuma na nyanya hukaa karibu na njia ya kuelekea mitaani, wa smoki na mayai karibu na mlango wa matatu, wenye mikokoteni ya matunda nyuma kidogo ambapo pana nafasi ya kugeuza. Katikati wameacha njia ya watu wawili kupishana, na anayeisogelea kwa gunia lake hukemewa na wenzake kabla kanjo hajafika. Wengi wao hukatiwa risiti ya siku na kaunti. Asubuhi kaunti inapokea pesa zao na wiki hiyohiyo inawapakia bidhaa zao kwenye lori. Hapo anayehitaji kuambiwa kuhusu nidhamu ni nani?

Na kuhusu njia iliyozibwa, tuhesabu basi vyote vinavyoziba. Katikati ya Thika, magari yameegeshwa kutoka pembe hadi pembe, kutwa nzima, mengine matairi ya mbele yakiwa juu ya njia ya miguu. Nafasi ya gari moja ni karibu mita 2.5 kwa 5. Hapo wangetosha akina mama watatu au wanne na biashara zao, na kwa siku wakahudumia mamia ya watu. Gari lile linamhudumia mtu mmoja, ambaye hata hayumo ndani. Analipa ada ndogo ya maegesho na anaitwa mwananchi mwema. Niko tayari kuzungumza na yeyote kuhusu kipofu asiyepita, mradi tuanze na magari.

Kuna hoja ya usalama pia. Husemwa kwamba penye watu wengi pana wezi, na ukiweka viti utawakaribisha. Waulize wanawake wanaoshuka steji usiku ni njia gani wanayoipitia. Watakwambia: ile yenye mwenye jiko la mahindi, ile yenye vijana wa bodaboda wanaotambulika, ile ambayo muuza viazi hajafunga. Wanapita penye taa ya mchuuzi. Jane Jacobs aliandika mwaka 1961, akizungumzia mitaa ya Marekani, kwamba usalama wa mtaa huletwa kwanza na macho ya wakazi na wenye maduka kabla ya polisi. Mama wa Ruiru analijua hilo bila kumsoma, na analitumia kila usiku anapochagua njia. Kila msako unaoondoa vibanda kwenye kona huizima taa ya kona hiyo, na mwezi unaofuata tunasikia kona imekuwa hatari. Kisha hatari hiyo inatolewa kama ushahidi kwamba watu wa pale ni wabaya.

Hali ya watoto wa Ruiru ndiyo inayonitia uchungu kuliko yote. Sensa ya mwaka 2009 iliukuta mji huo na watu 238,858. Ya mwaka 2019 ikawakuta 490,120, idadi ya nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Mji uliongezeka mara mbili katika miaka kumi. Mashamba ya kahawa yakakatwa ploti, futi 50 kwa 100, 40 kwa 60, beacon kwa beacon, na kila kipande kikapata mwenyewe. Watoto wakabaki na ploti ambazo bado hazijajengwa, na ukanda ulio chini ya nyaya za umeme mkubwa ambapo ujenzi hauruhusiwi. Ukipita hapo saa kumi na moja jioni utaona mechi mbili zikichezwa kwa wakati mmoja, malango ya mawe, mpira wa karatasi za plastiki, na wadogo wamekaa kando wakingoja zamu. Siku ploti ikijengwa, mechi inahamia barabarani, na dereva anapiga honi na kusema wazazi wa siku hizi hawalei.

Watoto hao wanatuambia kwa sauti ya juu kabisa uwanja unahitajika wapi. Hatuhitaji mshauri kutoka nje. Penye malango mawili ya mawe leo ndipo kaunti ilipaswa kununua ardhi jana, ingali na bei ya kununulika. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kiholela kote nchini, viwanja vya michezo vikiwemo. Uhuru Park ya Nairobi ilisalia kwa sababu mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya jumba la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa humo, akatukanwa hadi bungeni. Jeevanjee Gardens ikasalia kwa sababu mwaka 1991 Zarina Patel na wenzake walikataa igeuzwe kuwa maegesho. Ruiru haina bustani ya namna hiyo ya kuokolewa. Inabidi ianze kwa kutengeneza yake.

Badala yake tunaelekezwa kwenye maduka makubwa na mitaa yenye lango. Thika Road Mall ilifunguliwa mwaka 2013, Garden City mwaka 2015, na ndani ya Ruiru kwenyewe Tatu City inajengwa juu ya maelfu ya ekari, na barabara laini na miti. Sina ugomvi na anayewekeza pesa zake. Lakini mahali ambapo soja langoni anakuangalia viatu kabla hujaingia si mahali pa umma, na kaunti haiwezi kupahesabu kama bustani yake. Mzee wa Gatanga hangekaa pale saa mbili na bahasha yake.

Na mji usio na uwanja hulipa gharama nyingine. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani. Akusanyike wapi, Githurai? Juni 2024, vijana walipotoka kuupinga Mswada wa Fedha, walijikuta kwenye barabara kuu, kwa kuwa ndiyo nafasi pekee ya wazi waliyonayo. Wakaambiwa wanazuia uchumi. Mtu aliyenyimwa uwanja atakutana na wenzake barabarani, na hapo wa kulaumiwa ni aliyekosa kuuweka uwanja.

Ruiru ina heshima kubwa duniani kwa jambo moja: kahawa. Aina inayoitwa Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya watafiti wa kituo cha hapo kuichunguza kwa zaidi ya miaka kumi, mche kwa mche, msimu kwa msimu. Hakuna aliyesema mibuni ya Kenya haina nidhamu kwa kuwa inaugua. Waliitazama hadi wakajua inataka nini. Wakazi wa mji huohuo hawajatazamwa hata kwa wiki moja na mtu mwenye daftari na mamlaka ya kubadilisha kitu.

Na uwezo upo. Thika na Ruiru zote zina bodi za manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Kati yao, hapo Juja, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kinafundisha usanifu wa majengo na wa mandhari. Wanafunzi wake hupita steji hizi kila wikendi. Wapeni madaftari. Wasimame Ruiru, Makongeni mjini Thika na Githurai siku ya kazi na siku ya Jumapili, mvua na jua, waandike nani anapita, nani anaketi, wapi, kwa muda gani, mtoto ni nani na mwenye fimbo ni nani. Hiyo ni kazi ya pesa kidogo mno ukilinganisha na nguzo moja ya daraja. Matokeo yabandikwe ukutani kwa manispaa, kila mtu ayasome. Kisha pawekwe vivuko vya chini vyenye taa za kusimamisha magari kwenye barabara za pembeni, mabenchi penye wanaongoja, alama za vibanda pale ambapo wachuuzi wenyewe wamekwisha kujipanga, na viwanja penye malango ya mawe.

Pamekuwa na mjadala wa kuipandisha Thika hadhi iwe jiji. Sheria, tangu irekebishwe mwaka 2019, inadai wakazi 250,000, na sensa ya mwaka huohuo iliikuta Thika na 251,407. Idadi imetosha, kwa kiasi kidogo tu. Lakini sheria hiyohiyo, kwenye jedwali lake la huduma, inataja pia bustani za mapumziko. Wanaoshughulikia hati za jiji wazionyeshe bustani hizo. Na bodi ya Ruiru, kabla haijatuma lori jingine la kanjo, itujibu swali moja: ni watu wangapi wanaopita kwa miguu kwenye steji yake kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku? Ikiwa haina jibu, haina haki ya kutuambia kwamba watu hao wanapita vibaya.